Mtoto Katika Safu ya Utoro

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinitembelea akiwa likizo. Ni msichana wa chuo kikuu, nami humwita Mama kwa sababu amechukua jina la mama yangu mzazi. Jioni moja, baada ya chakula, alifungua kompyuta yake juu ya meza ileile ambayo kwa miaka mingi nilisahihishia madaftari, akaniambia, "Babu, wewe ulikuwa mwalimu mkuu. Njoo uone shule zenu."

Nikavaa miwani nikasogea. Kwanza alinionyesha ramani ya nchi iliyojaa nukta, na kila nukta ni shule. Ukiigusa nukta moja inakuambia ina wanafunzi wangapi, walimu wangapi, vyumba vingapi. Akabonyeza tena, ramani ikaondoka na mahali pake pakaja nguzo za rangi, fupi na ndefu, kama watoto waliopangwa mstarini kabla ya kuingia darasani. Nguzo hizo zilieleza sababu za wanafunzi kuacha shule: kifo, mimba, ugonjwa, kukosa mahitaji, utoro. Nguzo ya utoro ilizipita nyingine zote kwa mbali.

"Kumbe watoto wetu ni watoro kiasi hiki, Babu?"

Sikumjibu. Nilimwambia macho yamechoka, nikaenda kulala. Lakini usingizi haukuja, na haya ninayoyaandika hapa ndiyo niliyokuwa nikiyawaza usiku ule.

Swali lililonikosesha usingizi ni hili: je, tarakimu iliyo sahihi kwa hesabu yaweza kuwa uongo? Na ikiwa yaweza, ni nani aliyesema uongo huo: ni yule aliyeiandika, aliyeijumlisha, aliyeichora, au yule aliyeitazama akaamini?

Kabla ya kulijibu, haki itendeke kwa hicho chombo cha mjukuu wangu, kwani wazee tuna tabia ya kulaumu kila kitu kinachowaka taa. Wenyewe wanaziita takwimu huria. Maana yake ni takwimu ambazo mwenye nazo, aghalabu serikali, ameziweka hadharani ili mtu yeyote azichukue na kuzitumia bila kuomba kibali. Tena zimepangwa katika jedwali: kila mstari ni shule moja, kila safu ni swali moja, na kila kijumba ni jibu moja. Kwa kuwa zimepangwa hivyo, mashine inaweza kuzisoma na kuzigeuza kuwa ramani au grafu kufumba na kufumbua. Unachagua mkoa, unachagua mwaka, unachagua safu, na picha inatokea.

Katika enzi zetu haikuwa hivyo. Tulijaza fomu kwa nakala tatu, tukitumia karatasi ya kaboni iliyotuchafua vidole, nakala mbili zikaenda wilayani na moja ikabaki kwetu kuliwa na mchwa. Takwimu zilikuwa kama maji ya mto: zilikwenda upande mmoja tu. Katika miaka yangu yote ya kazi sikumbuki hata mara moja ambapo hesabu nilizopeleka zilinirudia zikiwa na maana yoyote. Ukienda ofisini kuuliza, unaonyeshwa kabati la chuma na jalada lenye muhuri wa SIRI. Siri ya nini? Ya idadi ya madawati!

Kwa hiyo nilifurahi niliposikia mwaka 2010 kwamba Benki ya Dunia imezifungua takwimu zake kwa watu wote, na mwaka uliofuata jirani zetu wa Kenya, chini ya Rais Mwai Kibaki, wakazindua tovuti ya takwimu za serikali. Nasi tulifuata, ingawa njia yetu ilikuwa na kona. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2018 hata ikawa ni kosa la jinai kutangaza takwimu zinazopingana na zile rasmi, na mwaka 2019 ikarekebishwa tena kuondoa makali hayo. Mimi ni wa upande wa kufungua. Anayefunga takwimu anafunga dirisha la nyumba ambayo si yake peke yake.

Tena zipo sifa nyingine za hesabu ambazo mwalimu wa hesabu hawezi kuzinyamazia. Hans Rosling, daktari wa Sweden ambaye baadaye alipata umaarufu mkubwa kwa viputo vyake vya rangi vinavyotembea kwenye grafu, kila kiputo nchi moja, alifanya kazi katika hospitali ya Nacala, Msumbiji, kuanzia 1979 hadi 1981. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 2018, mwaka mmoja baada ya kifo chake, anasimulia alivyobishana na daktari mwenzake. Mwenzake alimlaumu kwamba hakumhudumia mtoto mgonjwa kwa kiwango ambacho angempa mtoto wa Sweden. Rosling alikuwa amekwisha kaa chini akapiga hesabu, akagundua kwamba watoto waliofia ndani ya hospitali yake walikuwa wachache mno wakilinganishwa na wale waliofia majumbani bila kuonwa na daktari yeyote. Muda wa ziada ambao angeutumia kitandani kwa mtoto mmoja ulikuwa ni muda ulioibwa kwa wale wa vijijini. Jicho lake lilimwona mtoto aliye mbele yake. Hesabu ndiyo iliyomwonyesha wale wasioonekana.

Nimelifikiri sana jambo hilo. Watu husema kwamba hesabu ni baridi, zinamgeuza mtu kuwa namba. Lakini pale Nacala namba ilikuwa na huruma kuliko jicho. Pasipo kuhesabu, mtoto aliyeko mbali hana wa kumsemea.

Ila Rosling aliuliza swali moja zaidi, na ndilo linaloziponya hesabu: ni nani ambaye hayumo katika daftari langu?

Swali hilohilo, kwa namna nyingine, liliulizwa London mwaka 1854. Mwishoni mwa Agosti mwaka ule kipindupindu kililipuka katika mtaa wa Soho na kuua watu zaidi ya 600. Mwalimu wa sayansi yeyote atakusimulia habari za daktari John Snow: jinsi alivyochora ramani akaweka alama ndogo nyeusi mbele ya nyumba kwa kila mtu aliyekufa humo, na alama zikajazana kuizunguka pampu ya maji ya Broad Street, na mpini wa pampu ukaondolewa tarehe 8 Septemba. Tunaisimulia kana kwamba ramani ndiyo iliyofanya kazi yote. Mimi mwenyewe nimeifundisha hivyo, na sasa naona nilipunja.

Snow alianza na orodha ya vifo iliyotoka katika Ofisi ya Msajili Mkuu, alikokuwa akifanya kazi mtakwimu William Farr, mtu aliyeamini kwamba hesabu za vifo ni za umma. Hizo ndizo takwimu huria za wakati ule. Lakini baada ya orodha, Snow alitoka kwenda kuuliza. Jirani na pampu kulikuwa na nyumba ya kuhifadhi maskini yenye watu zaidi ya 500, na humo walikufa watano tu. Kwa nini? Akaenda, akakuta wana kisima chao. Kulikuwa na kiwanda cha pombe ambacho wafanyakazi wake hawakufa. Akaenda, akakuta wanakunywa pombe ya kiwanda na hawagusi maji ya pampu. Halafu kulikuwa na mama mjane aliyefariki mbali kabisa, huko Hampstead, mahali ambapo ugonjwa haukufika. Snow akamfuata mwanawe, akaambiwa kwamba mama yule alizoea ladha ya maji ya Broad Street na alikuwa akiletewa chupa kwa mkokoteni. Baadaye padri wa mtaa ule, Henry Whitehead, ambaye mwanzoni alimpinga Snow, alizunguka nyumba kwa nyumba mpaka akampata mtoto mchanga aliyeugua kwanza, ambaye maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa shimoni karibu na kisima.

Nukta zilimpeleka Snow mlangoni, akabisha hodi.

Sasa niseme habari za mlango ambao mimi sikuubisha.

Mwaka 1988 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika wilaya ambayo sitaitaja. Kila mwaka, matokeo ya darasa la saba yalipotoka, orodha ya shule zote ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wilayani, ya kwanza juu, ya mwisho chini. Mwalimu mkuu wa shule ya chini alijulikana hadi sokoni. Wauza nyanya walimwonea huruma. Shule yangu ilikuwa karibu na chini.

Darasa la sita kulikuwa na kijana mmoja mpole, hodari wa mikono. Akikukarabatia kiti, kiti hicho hakivunjiki tena. Kusoma kulimpa taabu. Nilijua kwamba mwaka utakaofuata angeingia katika mtihani na kuushusha wastani wetu. Nikamwita baba yake. Nikamwambia kwa sauti ya upole, ile sauti ambayo chuo cha ualimu hutufundisha kuitumia kwa wazazi, kwamba kwa faida ya mtoto ni afadhali akariri darasa. Mzee yule alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Akasema, "Wewe ndiye mwalimu. Ukisema ni hivyo, ndivyo."

Januari kijana akakaa tena darasa la sita, dawati la nyuma, miongoni mwa watoto aliowazidi kimo na ambao mmojawapo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Wiki ya tatu hakuja. Nilimtuma mwanafunzi apeleke barua, jibu halikurudi. Nyumbani kwao hakukuzidi mwendo wa saa moja kwa miguu. Sikwenda. Zilipopita siku zilizowekwa, nilifungua rejesta ya mahudhurio, nikapiga mstari kwa wino mwekundu juu ya jina lake, na katika nafasi ya sababu nikaandika neno moja: utoro.

Mtihani uliofuata wastani wetu ulipanda. Tulisogea nafasi kumi na moja kwenye ule ubao, nami nikapata barua ya pongezi. Ninayo mpaka leo.

Je, nilisema uongo? Kijana hakuhudhuria, na kutohudhuria bila ruhusa ni utoro kwa mujibu wa kanuni. Angekuja mkaguzi angekuta rejesta safi. Tena fomu ilikuwa na safu zake: uhamisho, ugonjwa, mimba, kifo, utoro. Hapakuwa na safu ya "mwalimu mkuu". Hili ndilo jambo ambalo mtazamaji wa picha hawezi kuliona hata akiwa na macho makali namna gani: kwamba kabla ya tarakimu kuwapo, mtu alikwisha kuamua ni maneno gani yaruhusiwe kuwa majibu. Kijumba cha jedwali kinapokea neno moja. Mtoto wa kweli haingii humo mpaka umkate, na anayeshika kisu ndiye anayechagua akate wapi.

Najua mjukuu wangu angenijibu nini, maana ni jibu la kitaalamu na si la kipuuzi. Angesema kwamba katika hesabu za watu wengi makosa hufutana, huyu akizidisha na yule akipunguza. Ni kweli, iwapo makosa yanaangukia pande zote mbili. Lakini ni mwalimu mkuu gani aliyewahi kuandika kwa mkono wake kwamba mtoto aliacha shule kwa kuaibishwa na mwalimu mkuu? Kama mizani zote za sokoni zinamwelemea muuzaji, kuongeza mizani hakutakupa uzito wa kweli.

Na nisingeyatoa haya kama ningeamini kwamba ni dhambi yangu peke yangu. Mwaka 2013, chini ya mpango uliojulikana kama Matokeo Makubwa Sasa, shule za msingi za Tanzania zilianza kupangwa kwa matokeo ya darasa la saba, kitaifa na ndani ya wilaya, zikatiwa rangi: kijani, njano na nyekundu. Orodha ikawekwa wazi. Nia ilikuwa njema: mzazi aone, aulize, shule ijirekebishe. Watafiti watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, waliufuatilia mpango huo na kuchapisha matokeo ya utafiti wao mwaka 2021. Waliona kwamba shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha kweli kiwango cha kufaulu. Kisha wakatazama idadi ya waliofanya mtihani, wakakuta imepungua. Ongezeko lile lilikwenda pamoja na baadhi ya watoto kutofika kwenye chumba cha mtihani.

Habari hiyo iliponifikia nilijihisi kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa redioni. Miaka ishirini na mitano ilikuwa imepita kati ya ubao wangu na orodha ile ya rangi, na njia ya kuwa kijani ilikuwa ileile. Kuna njia mbili za kuinua wastani. Moja ni kufundisha, nayo ni ndefu.

Hata hivyo msomaji atazame tena: ni nani aliyegundua hila hiyo? Ni takwimu. Mkono uliomficha mtoto katika safu ya waliofaulu ulimsahau katika safu ya waliofanya mtihani. Kama zingekuwa zimefungiwa kabatini, hakuna ambaye angeziweka safu hizo mbili bega kwa bega. Ndiyo maana siwezi kuungana na wenzangu wanaosema kwamba dawa ni kuzificha. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kwamba halitataja tena shule bora wala watahiniwa bora, na Kenya ilikuwa imefanya la namna hiyo mwaka 2014. Mimi nauona uamuzi huo kuwa wa busara. Lakini kuacha kupiga tarumbeta si kufunga dirisha, na matokeo yenyewe yameendelea kuwekwa wazi, shule kwa shule. Kuweka wazi na kupanga foleni ni mambo mawili, ingawa ukiwa na chombo kama cha mjukuu wangu, mtu yeyote anaweza kuipanga foleni hiyo mwenyewe sebuleni kwake. Hapo hakuna waziri wala baraza linaloweza kuzuia. Kilichobaki ni namna tunavyotazama.

Nirudi kwenye swali langu. Aliyejumlisha hakusema uongo, alijumlisha alicholetewa. Aliyechora naye hakusema uongo, ingawa rangi si kitu kidogo: ukiipaka shule nyekundu umekwisha kutoa hukumu kabla mtu hajasoma neno. Anayetazama akaamini amefanya uvivu zaidi kuliko kosa. Aliyeandika ni mimi. Na mimi niliandika neno sahihi. Nimezunguka usiku kucha kutafuta pa kutokea, kila mlango nikakuta nimesimama mwenyewe.

Asubuhi nilimweleza mjukuu wangu habari yote, mpaka na ile barua ya pongezi nikamtolea. Alinyamaza kwa muda. Vijana wa siku hizi wakinyamaza ujue jambo limewaingia. Kisha akauliza, "Basi nguzo hii niifute, Babu?"

"Usiifute, Mama. Ukiifuta utakuwa umefanya nilichofanya mimi."

"Sasa nifanyeje?"

Tukakaa pamoja. Aliniuliza ni nani hasa anayejaza fomu, lini, na kama mtoto au mzazi huulizwa popote. Nilimjibu kadiri ninavyokumbuka, naye alitafuta utaratibu wa sasa akaulinganisha. Mwisho aliandika mstari mmoja mdogo chini ya mchoro wake: "Sababu hizi zimetolewa na shule, wanafunzi wenyewe hawakuulizwa." Alisema hajui kama mhadhiri wake ataupenda, kwa sababu unaharibu umbo la ukurasa. Nikamwambia auache.

Yule kijana ni mtu mzima sasa, ana zaidi ya miaka hamsini. Anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga unga karibu na stendi, na mashine ikiharibika haiti fundi. Kila nikipita ananyoosha mkono wenye unga na kuniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nami hujibu, "Marahaba," nikaendelea na safari. Jumamosi mjukuu wangu atakuwa na nafasi ya kunisindikiza.